Kinga Yenye Kiasi

Tarehe 6 Oktoba 2025 nilikuwa maktaba, Dar es Salaam, nikihangaika na tasnifu yangu ya umahiri kuhusu istilahi za afya katika Kiswahili, simu ilipoanza kuleta taarifa za Tuzo ya Nobel ya tiba. Washindi walikuwa watatu: Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, na Shimon Sakaguchi wa Japani. Walikuwa wamegundua namna mfumo wa kinga unavyozuiwa usiushambulie mwili wenyewe. Seli zinazofanya kazi hiyo, kamati ya Nobel iliziita walinzi wa usalama wa mfumo wa kinga. Nilisoma maneno hayo mara mbili, nikafunga kompyuta na kutoka nje. Nilikuwa nimemkumbuka shangazi yangu na pampu yake ya kahawia.

Ninachotaka kukihakiki hapa ni hadithi. Wanasayansi hutumia maisha yao yote kutafuta jambo moja, kisha jambo hilo huja kwetu likiwa limevikwa sitiari ya mtu mwingine. Mara nyingi hakuna madhara. Safari hii nitaeleza madhara yaliyotokea nyumbani kwetu.

Kwetu ni Isingiro, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. (Ukiitafuta mtandaoni utapelekwa Isingiro ya Uganda, ng'ambo ya mto. Tumezoea.) Hadi mwaka 2012 tulihesabiwa Karagwe. Watu wa huko wanaishi kwa ndizi, maharage na kahawa, na shangazi yangu aliongeza kibarua: misimu saba katika kiwanda cha kukoboa kahawa, akifagia na kujaza magunia, khanga imefungwa puani. Ana pumu. Hospitali ilikuwa imempa pampu mbili. Ya bluu hufungua njia za hewa papo hapo kifua kinapobana. Ya kahawia ina dawa ya jamii ya steroidi. Siku ya kwanza huhisi lolote, lakini ukiivuta kila siku inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, na ile ya bluu unaihitaji mara chache zaidi.

Mwanzoni mwa 2021 nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Mnakumbuka kipindi kile. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza, tangawizi na ndimu zilipanda bei, na kila mtu alikuwa na jambo moja tu la kumshauri mwenzake: ongeza kinga. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba steroidi hupunguza kazi ya kinga. Nikapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, ile pampu ya kahawia uiache kwanza. Inashusha kinga. Wakati huu si wa kushusha kinga."

Akanyamaza kidogo. "Kama wewe msomi umesema."

Wiki tatu baadaye, usiku, binamu yangu alimfunga mgongoni mwake kwa khanga juu ya pikipiki, ile ya bluu ikiwa imeisha, midomo imebadilika rangi. Alilazwa siku nne kwenye oksijeni. Alipopata nafuu hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba daktari amemgombeza kwa kuacha dawa, na kwamba hakumwambia daktari ni nani aliyemwachisha.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba kosa langu lilikuwa kutojua sayansi. Siku hizi nadhani nilikuwa nimejua kitu, tena nimekijua vizuri mno, na kitu chenyewe ni sitiari. Shule ya msingi tulichorewa ubaoni chembe nyeupe za damu zikiwa na kofia na bunduki. Askari wa mwili. Nje kulikuwa na adui, ndani kulikuwa na askari, na swali pekee lililobaki lilikuwa kama askari wanatosha. Katika mchoro ule hapakuwa na nafasi ya askari anayewapiga wenye nyumba.

Kwa Kagera mchoro huo una uzito wa peke yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walipatikana mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijatulia watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivuma sokoni enzi hizo. Kisha likaja jina lenyewe, na humo ndani mna neno kinga: Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa hiyo kizazi cha wazazi wetu kilijifunza neno kinga, kwa maana yake ya kitabibu, makaburini. Walilijifunza likiwa limeambatana na neno upungufu. Sishangai kwamba tangu hapo kinga kwa Kiswahili ina mwelekeo mmoja tu: inashuka au inapanda, na kupanda ni kuzuri. Nimepitia vipeperushi na vitabu vya elimu ya afya kwa ajili ya tasnifu yangu. Kinga huimarishwa, huongezwa, hupandishwa. Sijakutana hata mara moja na kitenzi cha kuituliza kikitumika kwa sifa njema.

Hapo ndipo kazi ya Sakaguchi inapopingana na Kiswahili chetu moja kwa moja.

Ilianza na jaribio la watu wengine. Mwaka 1969, Japani, Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura waliwatoa panya wachanga wa siku tatu tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo seli za T hukomaa. Kwa akili ya askari na adui, panya waliotolewa kambi ya mafunzo walipaswa kubaki na ulinzi hafifu. Badala yake ovari zao ziliharibika. Sakaguchi, daktari kijana kutoka Kyoto, alijiunga na maabara hiyo na kulichukua fumbo lile: kwa nini kuondoa chanzo cha kinga kunaifanya kinga ishambulie mwili? Jibu lake lilikuwa kwamba thaimasi haitoi askari peke yao. Hutoa pia seli zinazowazuia, na seli hizo huchelewa kidogo kutoka. Ukiikata tezi siku ya tatu, wa kwanza wameshatoka na wa pili hawatakuja. Alipowapa panya kama hao seli za T zilizokomaa kutoka kwa panya wazima, ugonjwa haukutokea.

Katika taarifa za siku ya tuzo mambo haya yalipangwa kama ngazi, kidato juu ya kidato. Ukisoma historia yenyewe unakuta kitu kingine, na kwa mwanafunzi wa istilahi ndicho kinachovutia zaidi. Miaka ya 1970 tayari kulikuwa na kundi kubwa la watafiti waliodai kuna seli za T zinazokandamiza kinga. Walizipa jina, wakazipa na alama ya kijeni iitwayo I-J. Miaka ya 1980 ramani ya jeni ilipochorwa vizuri, mahali palipodaiwa kuwa na I-J hapakuwa na kitu. Uwanja mzima ukaaibika. Neno lenyewe, seli kandamizi, likawa neno la kukufungia milango: ukiliandika kwenye ombi la fedha, unacheka mwenyewe kabla hawajakucheka. Sakaguchi alibaki humo. Mwaka 1995, akiwa na watafiti wenzake akiwemo mkewe Noriko, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba seli hizo zinaweza kutambuliwa kwa protini iliyo juu ya uso wake, CD25. Na zilipokuja kukubalika, zilikubalika kwa jina jipya. Zikaacha kuwa seli kandamizi, zikawa seli rekebishi.

Yaani seli ni zilezile, tabia ni ileile, lakini ilibidi jina life ndipo watu waweze kuzitazama. Wenzangu wa sayansi wanapenda kunitania kwamba ninasomea kubadilisha majina ya vitu. Siku hizi nina jibu.

Brunkow na Ramsdell waliingia kwa mlango mwingine. Miaka ya 1940, katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, walizaliwa panya madume wenye ngozi ya magamba waliokuwa wakifa baada ya wiki chache tu. Brunkow na Ramsdell, wakifanya kazi katika kampuni ya dawa jimboni Washington, waliitafuta jeni iliyoharibika mpaka wakaipata, na mwaka 2001 wakaitangaza: Foxp3. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu, watoto wa kiume huzaliwa na ugonjwa uitwao IPEX. Utumbo, ngozi na kongosho vyao hushambuliwa na kinga yao wenyewe, na wengi wamekufa wakiwa wachanga. Miaka miwili baadaye Sakaguchi na wengine wakaunganisha vipande: Foxp3 ndiyo inayozitengeneza seli rekebishi. Mtoto wa IPEX hana upungufu wa askari. Anao wote. Amekosa wa kuwaambia basi.

Sasa rudini kwenye maneno ya kamati: walinzi wa usalama. Nawaelewa. Walitaka mtu anayesoma kwenye basi aelewe kabla hajashuka. Lakini wamechukua ugunduzi unaovunja hadithi ya jeshi wakaurudisha jeshini, safari hii kwa cheo cha polisi wa jeshi. Ni kama mwili hauwezi kusimuliwa bila sare. Na tukilitafsiri hilo kwa Kiswahili kama lilivyo, shangazi yangu atasikia kwamba wamegunduliwa walinzi wengine, na walinzi, kama kinga, wakiongezeka ni vyema.

Basi tuliiteje jambo hili? Jina la kitaalamu la uwanja wenyewe, kwa lugha za Ulaya, ni neno ambalo kamusi zetu hulifasiri uvumilivu. Uvumilivu wa kinga. Niliandika hivyo kwenye rasimu ya sura ya tatu na msimamizi wangu hakupinga. Aliyenipinga, bila kujua, ni mtafiti wa vumbi.

Gloria Sakwari wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili amefanya jambo ambalo sidhani kama wauzaji wa kahawa kwenye maduka ya Ulaya wanalifahamu: amepima hewa wanayovuta watu wanaoikoboa. Mwaka 2011 yeye na wenzake wa Muhimbili na Bergen, Norwe, walichapisha utafiti wa viwanda vya Kilimanjaro, kuhusu vumbi na dalili za muda mrefu za kifua. Mwaka 2013 wakalinganisha viwanda vya Arabika na vya Robusta nchini. Robusta ya Tanzania ni kahawa ya Kagera. Niliposoma jina hilo kwenye kichwa cha makala nilisogeza kiti.

Ni makala kavu, kama zilivyo zote za aina yake. Hakuna anayekohoa humo. Wafanyakazi wamevalishwa vipampu vidogo vinavyonyonya hewa lita mbili kwa dakika karibu na pua zao zamu nzima, kisha vichujio vinakwenda maabara. Vumbi: wastani wa miligramu 3.41 kwa mita ya ujazo ya hewa kwenye Robusta, 2.10 kwenye Arabika. Tofauti ipo, si ya kutisha. Halafu unafika kwenye endotoksini. Hiki ni kipande cha ukuta wa baadhi ya bakteria. Bakteria wakifa kipande kinabaki, kinaelea na vumbi, na kinga ya mapafu inakitambua upesi kuliko karibu kitu kingine chochote. Arabika: vizio 1,400 kwa mita ya ujazo. Robusta: 10,800. Mwaka 2010 Baraza la Afya la Uholanzi lilipendekeza kikomo cha vizio 90 mahali pa kazi. Piga hesabu. Nilipiga mara mbili nikidhani nimekosea nukta: ni mara 120.

Sababu iko kwenye anga la nyumba zetu. Arabika kwa kawaida humenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa. Robusta yetu hukaushwa nzima na ganda lake, mara nyingi mno kwenye udongo mtupu mbele ya nyumba, kuku wakipita juu yake, mvua ikiinyeshea kabla ya mtu kukimbia na turubai. Inafika kiwandani na bakteria wake wote, na kinu kinaipasua. Mimi mwenyewe nimeigeuza kahawa hiyo kwa miguu nikiwa mtoto. Ni kazi tamu, ina joto kwenye nyayo. Makala inasema aina ya ukaushaji na aina ya kazi ya mtu vilieleza asilimia 71 ya tofauti za endotoksini. Yaani kabla hujapima chochote, ukijua tu kahawa imekaushwaje na huyu mama amepewa ufagio au kalamu, umeshajua sehemu kubwa ya atakachokivuta.

Siwezi kumpa kiwanda lawama yote ya kifua cha shangazi. Pumu haina mzazi mmoja, na yeye amepikia kuni maisha yake yote katika jiko lenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034; hilo ni andiko jingine.

Ninachotaka mkione ni neno. Nilimuuliza shangazi msimu mpya ulikuwa unaanzaje pale kiwandani. Akasema: wiki ya kwanza homa, kifua kizito, viungo vinauma. Baadaye unazoea. Mwili unavumilia. Aliyatumia maneno yote mawili, kuzoea na kuvumilia, na alikuwa sahihi kisayansi kuliko alivyodhani. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba wamejulikana muda mrefu kwa homa ya Jumatatu: ukirudi kutoka mapumziko unaumwa, kadiri wiki inavyosonga unapata nafuu. Na tangu miaka ya 1940 maabara zimeonyesha kwamba mnyama akichomwa endotoksini siku baada ya siku, homa yake hupungua. Seli zimeizoea. Wataalamu wanaliita jambo hilo kwa neno lilelile ambalo sisi tunalifasiri uvumilivu.

Lakini homa ikitulia vumbi halijapungua. Mapafu yanaendelea kulilipia hata pale mwenye mapafu anapojisikia vizuri. Na neno uvumilivu, likitoka maabara likaingia kiwandani, linakuwa neno la msimamizi wa zamu. Vumilieni. Msimu ni mfupi. Huyu ndiye mpinzani niliyemtaja: makala ya Sakwari, katika hitimisho lake, haimwambii mfanyakazi avumilie wala aongeze kinga. Inasema vumbi lipunguzwe na ziwekwe mashine bora za kulifyonza. Ni sentensi ya kawaida kabisa, yenye nahau ya wahandisi. Kwangu ni sentensi bora kuliko ile ya walinzi wa usalama, kwa sababu inajua ni nani anayetakiwa kufanya nini.

Hapa kuna jambo linalonitatiza, na itakuwa udanganyifu nikiliruka. Endotoksini hiyohiyo ina hadithi ya pili. Erika von Mutius, daktari wa watoto wa Munich, alilinganisha watoto wa Ujerumani ya Mashariki na ya Magharibi baada ya ukuta kuanguka. Mashariki hewa ilikuwa chafu kwa moshi wa viwanda, na wengi walitarajia pumu na mzio viwe vingi huko. Akakuta vichache. Mtafiti mwingine angedhani amekosea kuhesabu. Yeye aliitumia miaka yake mingi iliyofuata kuwafuatilia watoto wa wafugaji. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti uliolinganisha jamii mbili za wakulima wa Marekani zenye asili ya Ulaya, Waamishi na Wahuteri, watoto 30 kila upande. Waamishi wanaishi jirani na ng'ombe wao na hutumia farasi. Wahuteri hulima kwa mashine kubwa, mbali na nyumba. Vumbi la nyumba za Waamishi lilikuwa na endotoksini karibu mara saba zaidi. Pumu kwa watoto wa Waamishi ilikuwa asilimia 5.2, kwa Wahuteri 21.3. Na vumbi la Waamishi lilipotiwa puani mwa panya liliwakinga na dalili za pumu.

Utafiti huu umesimuliwa upya mara nyingi kwa namna ya uvivu: acheni watoto wachezee uchafu. Nimeukuta hata kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zangu, umeambatanishwa na picha ya mtoto kwenye tope. Sasa mtu wa Kyerwa aliyesoma ujumbe huo afanye nini na kinu cha kahawa? Zizini kwa Waamishi na kiwandani kwetu kuna kitu kimoja chenye jina moja. Kinachotofautisha ni umri wa anayekivuta, hewa imefungwa au iko wazi, na zaidi ya yote, ni kingi kiasi gani.

Kiasi. Nilikuwa nalo neno muda wote. Kwa Kiswahili kiasi ni kipimo cha kitu, na pia ni tabia: mtu mwenye kiasi hali mpaka akatapika, halewi mpaka akaanguka, hagombani mpaka akaua. Wala si mtu dhaifu. Uvumilivu unanitaka nipokee ninachofanyiwa. Kiasi kinataka nijizuie katika ninachofanya mimi. Na seli za Sakaguchi ndivyo zilivyo. Hazivumilii lolote. Zinafanya kazi muda wote, zinazuia, na zikikoma wiki moja tu mwili unaungua. (Methali yetu inasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Najua kinga ya pale ni kijinga cha moto, neno jingine kabisa. Lakini nimeshindwa kuisikia tena bila kufikiria njia za hewa zilizovimba.)

Kwa hiyo katika sura ya tatu nimefuta uvumilivu wa kinga na kuandika kiasi cha kinga. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwamba msomaji atachanganyikiwa, atadhani ninazungumzia idadi. Ana hoja. Huenda istilahi hii itakufa na tasnifu yangu kabatini. Lakini nimejaribu kuitumia mahali ninapoitaka ifanye kazi, kwenye sentensi ambayo ningepaswa kuisema kwenye simu mwaka 2021: shangazi, kinga ya kifua chako imekosa kiasi, hiyo ya kahawia inakirudisha, endelea nayo. Si tafsiri kamili ya sayansi ya pumu. Dawa iliyo ndani ya pampu haifanyi kazi ya seli za Sakaguchi, inapitia njia yake. Ila mtu akiisikia sentensi hiyo hataiacha dawa yake kwa kuogopa corona.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Nilimkuta amekaa nje ya jiko kwenye kigoda, anamelekeza mjukuu wake namna ya kugeuza ndizi, yeye mwenyewe haingii tena kwenye moshi. Kiwandani ameacha, kahawa yake sasa anaianika kwenye chekeche ya waya aliyotengenezewa na binamu, juu ya miti minne. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya.

"Utaandika na ile simu?"

"Nitaiandika, shangazi."

Akafikiri. "Basi andika pia kwamba ile ya kahawia niliirudia. Watu wasije wakadhani nimekufa."

Nikamweleza habari ya kiasi, na Mjapani na panya zake, na vizio 10,800. Alisikiliza vizuri, kwa heshima anayompa kila mtu aliyetoka mbali. Kisha akauliza kama hao waliopima pale walimfikia mwenye kiwanda, na kama mashine ya kufyonza vumbi ni shilingi ngapi. Sikuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Pampu ya kahawia kwenye duka la dawa la karibu ilikuwa imekwisha tangu Novemba, nyingine ingeletwa kutoka Bukoba. Yake haina kidirisha cha kuhesabia. Jioni, kabla ya kuivuta, aliitikisa karibu na sikio, akatulia, akaitikisa tena, akisikiliza kiasi kilichobaki.